Slaida isiyozidi urefu wa tripodi

Muuzaji aliziweka slaida mbili, yaani reli za kutelezeshea kamera, juu ya meza ya kioo, moja ya mita moja na nyingine fupi ya kushikwa kwa mkono mmoja, kisha akasema, "Dada, hii ndefu ndiyo wanayochukua watu wa harusi. Hii fupi utaichoka mapema." Nilikisukuma kigari cha ile ndefu, kile kinachobeba kamera, kwa kidole kimoja. Kiliteleza vizuri hadi kilipovuka katikati ya reli, na hapo kidole kikahisi kitu kikikwama kidogo, kisha kigari kikaendelea. Nikakirudisha, kikakwama palepale. Ile fupi haikukwama popote, ila nilipokishika kigari chake na kukisokota kidogo, kilikuwa kinacheza.

Nilitoka pale Kariakoo bila kununua chochote.

Kwa wiki kadhaa baadaye niliendelea kuwaza juu ya zile reli mbili. Bei haikuwa tatizo kubwa, kwa maana tofauti yake ilivumilika. Kilichonisumbua ni kwamba nilikuwa nimesoma maelezo mengi ya watu wanaosifu slaida zao, nikajua majina ya kampuni na uzito wa kila moja, lakini nilikuwa sijajiuliza slaida inaifanyia nini picha, na kwa sababu hiyo sikuwa na kipimo cha kuamulia kati ya ndefu na fupi.

Kama hainunuliwi, nini kinakosekana?

Rafiki yangu ambaye ni mhariri wa video aliniambia nisinunue kabisa. Hoja yake ilikuwa na nguvu, na nilikaa nayo kwa muda mrefu. Kwa video za kutembea, alisema, gimbali, kile kishikio kinachotuliza kamera, inatosha. Kwa taimulapsi, yaani video inayoungwa kwa picha zilizopigwa moja moja kwa vipindi, kamera isimame tu juu ya tripodi, stendi ya miguu mitatu, kisha mwendo utengenezwe kwenye kompyuta. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye upana wa pikseli 6000, ilhali video ya 4K inahitaji pikseli 3840 tu. Zinabaki pikseli 2160, yaani zaidi ya theluthi moja ya picha nzima, za kusogezea fremu kutoka kushoto kwenda kulia bila kupoteza ubora. Kazi hiyo inafanyika mezani, bila mzigo, bila mota na bila betri ya ziada.

Nilijaribu ushauri wake kwa picha nilizokuwa nimepiga za mawingu yakipita juu ya bandari. Fremu ilisogea vizuri, tena kwa ulaini ambao hakuna reli inayoweza kuufikia. Hata hivyo kuna kitu hakikuwepo, na ilinichukua kuitazama mara nyingi ndipo nikakitambua. Boya la karibu, meli ya mbali na ukingo wa pili vilikuwa vikisogea pamoja, kwa kasi ileile, kana kwamba vyote vimebandikwa kwenye karatasi moja.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachokitafuta.

Ukiwa umeketi dirishani kwenye basi la kwenda Moshi, nguzo za kando ya barabara hukimbia kurudi nyuma huku Milima ya Upare ikikwenda nawe taratibu, na ni tofauti hiyo ya mwendo inayokuambia kwamba nguzo iko karibu na mlima uko mbali. Slaida inauza tofauti hiyo. Kompyuta haiwezi kuitengeneza kutokana na picha zilizopigwa kutoka mahali pamoja, kwa sababu kamera haikuhama. Hata kichwa cha tripodi kinachozunguka hakiitoi, kwani nacho hugeuza kamera palepale iliposimama.

Hesabu iliyobadilisha kipimo

Nilipokwisha kulikubali hilo, nilichukua kalamu. Lenzi ya milimita 24 kwenye kamera yenye kihisio, kile kipande kinachopokea mwanga, cha upana wa milimita 36 huona upana ambao ni mara moja na nusu ya umbali wa kitu: kwa kitu kilicho mita moja mbele, fremu inashika mita moja na nusu, kwa kitu kilicho mita kumi mbele, inashika mita kumi na tano. Kwa hiyo ni rahisi kujua kamera ikisogea kiasi fulani, kitu kitahama kwa sehemu gani ya fremu.

Chukua slaida yenye mwendo kamili wa mita moja, na weka kitu cha mbele kiwe mita tatu kutoka kwenye lenzi. Kitahama kwa asilimia 22 ya upana wa fremu. Sasa chukua slaida yenye mwendo wa sentimita 40 tu, lakini sogea hadi kitu cha mbele kiwe nusu mita kutoka kwenye lenzi. Fremu hapo inashika sentimita 75, na kitu kitahama kwa asilimia 53, zaidi ya mara mbili ya ile slaida ndefu. Na kama hakuna chochote kilicho karibu, tuseme kitu cha kwanza kiko mita mia moja mbele, hata ile ya mita moja itakihamisha kwa chini ya asilimia moja. Mtazamaji ataona picha iliyosimama, na wewe utakuwa umebeba reli ndefu kwa ajili ya kazi hiyo.

Nilirudia hesabu hiyo kwa sababu ilipingana na kila nilichoambiwa dukani. Urefu wa reli una kazi yake, lakini umbali wa kitu cha karibu una nguvu kuliko urefu, na umbali huo haununuliwi. Unatafutwa kwa miguu, kwa kupiga magoti, kwa kuishusha kamera hadi usawa wa mashina ya mikoko au ukingo wa mtumbwi.

Kuna jambo moja la dukani linalopaswa kuangaliwa hapa. Urefu unaoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni wa reli, nao si sawa na mwendo wa kamera. Kigari chenyewe kinachukua nafasi, na vizuizi vya mwishoni vinachukua nafasi. Reli ya sentimita 60 yenye kigari cha sentimita 12 haiwezi kutoa zaidi ya sentimita 48, na kwa kawaida hutoa pungufu ya hapo. Nenda na futi ya fundi, pima kigari kinatoka wapi na kinaishia wapi.

Uzito ukifika mwishoni

Baada ya kuamua kwamba fupi inafaa, niligundua sababu nyingine ya kuipendelea, ambayo watu wanaotumia tripodi moja wanaifahamu vizuri. Slaida inapofungwa katikati juu ya tripodi moja, kamera ikifika mwishoni mwa reli ya mita moja inakuwa karibu sentimita 50 kutoka kwenye nguzo inayoibeba. Kwenye mwendo wa sentimita 40, inakuwa sentimita 20. Kamera ileile, lenzi ileile, lakini nguvu ya kuinamisha inapungua kwa zaidi ya nusu.

Jambo hili linaonekana kwenye picha. Upeo wa bahari unaanza ukiwa sawa, na kadiri kigari kinavyosogea unainama taratibu upande mmoja, kisha kikirudi katikati unasimama tena. Kwenye video ya ukumbini huenda mtu asione. Mbele ya bahari, hakuna mstari ulionyooka kuliko ule na hakuna pa kujificha.

Kwa hiyo kipimo cha dukani ni hiki: funga slaida juu ya tripodi yako mwenyewe, weka kamera na lenzi yako nzito kuliko zote, sukuma kigari hadi mwisho, na uangalie pima maji iliyo kwenye kamera au hata ile ya fundi wa mlango. Ikiwa kiputo kinahama, jaribu kwanza kuondoa kile kichwa cha duara kilicho kati ya tripodi na reli, kwa sababu mara nyingi ndicho kinacholegea, kisha funga reli moja kwa moja juu ya tripodi. Slaida nyingi zina matundu mawili chini, la skrubu ya robo inchi na la inchi tatu kwa nane. Tumia lile kubwa.

Zipo slaida zenye mtindo ambao reli yenyewe nayo inateleza juu ya tripodi, hivyo kamera inasafiri karibu mara mbili ya urefu wa reli. Kampuni ya Edelkrone imeutumia mtindo huo kwenye SliderPLUS, na wengine wanao wa kwao. Nilivutiwa nao sana, kwa kuwa unaondoa tatizo la mkoba. Lakini mwendo ukiwa mara mbili, kamera inafika mbali na nguzo kama ilivyo kwenye slaida ndefu, na tatizo la kuinama linabaki. La pili lilikuwa na uzito zaidi kwangu: ukiilaza slaida hiyo chini, reli haina pa kutelezea, na unabaki na nusu ya mwendo. Mimi ninapenda kuiweka kamera chini kabisa, karibu na vitu. Mtu anayepiga kila kitu juu ya tripodi anaweza kuamua tofauti nami, na atakuwa sahihi.

Mkono na mota

Hapa ndipo shaka yangu ilipodumu kuliko mahali pengine popote.

Video inataka mkono. Mzungumzaji akinyamaza kidogo kabla ya kusema jambo zito, mkono unapunguza mwendo wenyewe bila kuambiwa, na mota haijui hilo. Tena mota inalia. Katika chumba chenye kelele za barabarani sauti yake inamezwa, lakini kwenye mahojiano na mzee anayeongea kwa sauti ya chini, maikrofoni iliyo karibu na kamera itaikusanya yote. Slaida ya mkono yenye gurudumu zito linalozungushwa na mkanda hufanya kazi nzuri hapo, kwani uzito wa gurudumu husawazisha mitetemo ya mkono, na mwanzo na mwisho wa mwendo unakuja kwa ulaini.

Taimulapsi haiutaki mkono hata kidogo. Video ya sekunde kumi kwa fremu 25 kila sekunde inahitaji picha 250. Ukipiga moja kila baada ya sekunde tano, muda unaofaa mawingu yanayokwenda haraka, kazi inachukua karibu dakika 21, na kwa mwendo wa sentimita 40 kamera inapaswa kusogea milimita 1.6 kati ya picha na picha. Hakuna mkono unaoweza kufanya hivyo mara 250 kwa usawa.

Nilidhani hapo swali ni la kuwa na mota au kutokuwa nayo. Nilipochunguza zaidi nikaona kwamba swali la maana ni mota inasogeaje. Ziko zinazosukuma kamera mfululizo kwa kasi ndogo, na ziko zinazosogea, zinasimama, zinasubiri kamera ipige, kisha zinasogea tena. Mchana, tofauti ni ndogo, kwa kuwa shata, ile pazia inayoruhusu mwanga kuingia, inafunguka na kufunga kabla kamera haijasogea kiasi cha kuonekana. Usiku ni habari nyingine. Tuseme unapiga nyota kwa kuacha shata wazi sekunde 20, picha moja kila baada ya sekunde 25. Picha 250 zitachukua saa moja na dakika 44. Mota inayosogea mfululizo itaivusha kamera zaidi ya milimita moja wakati shata ikiwa wazi, na kwa jiwe au mtumbwi ulio nusu mita mbele ya lenzi ya milimita 24, hiyo ni kama pikseli kumi za ukungu kwenye kila picha. Kitu cha karibu, ambacho ndicho kilichotufanya tununue slaida, ndicho kinachoharibika.

Kwa hiyo mota isiyojua kusimama haitoshi kwa kazi za usiku, hata iwe laini namna gani.

Kuna njia ya kati. Mwaka 2012 kampuni ya Syrp ya New Zealand ilichangisha fedha Kickstarter, mtandao wa kuchangia miradi, kwa ajili ya Genie, kiboksi chenye mota kinachojivuta kwa kamba juu ya reli yoyote. Wazo hilo, la mota inayovuliwa, lilinipa nafasi ya kupumua. Reli inabaki reli. Mchana wa mahojiano unatumia mkono, na alfajiri ya mawingu unafunga mota. Siku hizi ziko slaida nyingi zinazouzwa kwa mpango huo, mota ikiwa kipande cha pembeni. Unapoichagua, hakikisha kwamba mota ikiondolewa kigari kinateleza huru, kwa sababu nyingine hubaki zimeshikwa na mkanda na meno yake, na kuzisukuma kwa mkono ni sawa na kusukuma mota iliyozimwa.

Kasi ya chini kabisa nayo ipimwe. Mota rahisi ikitakiwa kwenda polepole sana huanza kuruka badala ya kuteleza. Iwashe kwenye kasi ndogo kuliko zote, weka kucha yako kando ya kigari ikigusa reli, na uangalie pengo linavyokua. Likikua kwa kuruka, picha zitaruka.

Bamvua

Nimekuwa nikitaka kwa muda mrefu kupiga maji yakijaa Jambiani. Pwani ile ya mashariki ya Unguja maji yakipwa huenda mbali sana, mashamba ya mwani yakaonekana wazi na vijiti vyake, na siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika kama mita nne. Uzuri wake kwa mpiga picha ni kwamba siku hizo maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni, kwa hiyo safari nzima ya maji, saa sita na dakika chache, inafanyika mchana.

Ukipiga picha moja kila baada ya sekunde 20, unapata zaidi ya picha elfu moja, na slaida ya sentimita 40 inasogea chini ya nusu milimita kila mara. Ungeweza kupunguza idadi hadi picha 250 tu, lakini hapo kila picha itaachana na mwenzake kwa karibu dakika moja na nusu, na mawingu yatakuwa yanatokea na kupotea badala ya kupita. Ni afadhali picha nyingi, kisha kasi iongezwe kwenye uhariri.

Kuipanga kazi hii ndiko kulikonifundisha nini maana ya kubebeka. Miguu ya tripodi inazama kwenye mchanga mbichi, si mara moja, ila kidogo kidogo maji yanapoupenya, na kuzama kwa milimita chache katikati ya saa sita kunaonekana kama fremu imepigwa kumbo. Inabidi uweke mawe bapa au vipande vya mbao chini ya kila mguu, au utafute ukuta wa mawe ulio juu ya alama ya maji. Ukiwa na slaida ndefu inayohitaji tripodi mbili, una miguu sita ya kuilinda isizame. Ukiwa na fupi, una mitatu, au huna kabisa, kwani unaweza kuilaza slaida juu ya ukuta kwa vijiguu vyake.

Betri ya kamera haitafika jioni, kwa hiyo pawabenki ni lazima, na mota itumie betri ambayo unaweza kuibadilisha bila kuigusa reli. Betri kubwa za aina ya NP-F970 zina karibu wati-saa 47, chini ya nusu ya kikomo cha wati-saa 100 ambacho mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu bila kibali cha pekee, ila ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Slaida yenye betri ya ndani isiyotoka niliiondoa kwenye orodha yangu mara moja.

Na chumvi. Beringi zinazopita juu ya reli iliyo wazi zinakusanya mchanga, na punje moja inatosha kuleta kule kukwama nilikokuhisi dukani. Usipake mafuta, kwa maana mafuta yanashika mchanga. Futa kwa kitambaa kikavu na burashi laini, na ukirudi nyumbani futa tena kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kisha uikaushe. Niliuliza pia kama beringi zinatoka. Slaida nyingi hutumia beringi za namba za kawaida, kama 608, yenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha milimita 22, ambayo muuza beringi yeyote anayo. Ikiwa beringi zimepigiliwa ndani zisitoke, basi slaida hiyo ina umri wa ufuo mmoja.

Ninayoichukua

Kipimo changu kimekuwa kimoja cha kwanza, na vingine vinafuata: reli isizidi urefu wa tripodi yangu ikiwa imekunjwa. Tripodi lazima iende kila mahali, kwenye bodaboda, kwenye daladala na kwenye boti, na chochote kinacholala kando yake kwenye mfuko uleule hakinigharimu safari. Tripodi yangu ikikunjwa ni kama sentimita 60, na reli ya urefu huo inanipa mwendo wa zaidi kidogo ya sentimita 40. Iwe na vijiguu vya kulalia chini, gurudumu zito la mkono, mota inayovuliwa na inayojua kusimama, na beringi zinazotoka. Kigari kisicheze. Kwa hili la mwisho siwezi kulegeza, kwa sababu kigari kinachocheza hakina dawa dukani wala kwa fundi isipokuwa kina skrubu za kukaza pembeni, na ile fupi ya Kariakoo haikuwa nazo.

Kwa ukumbi mkubwa wa harusi, ambapo bwana na bibi harusi wako mita nane mbele na siwezi kusogea karibu bila kuwazuia wageni, hesabu inageuka, na hapo mita moja ina faida ya kweli. Kazi hizo nitakodi slaida ndefu pamoja na tripodi zake mbili, na gharama ya kukodi itaingia kwenye makubaliano na wenye sherehe tangu mwanzo.

Kichwa cha mota kinachogeuza kamera huku ikisogea, ili kitu kimoja kibaki katikati ya fremu, bado sijakiamua. Kinaongeza karibu uzito wa lenzi nyingine mahali palepale ambapo reli inainama, na kabla ya kukilipia nataka kuona pima maji inasema nini kikiwa mwishoni mwa sentimita zangu 40.